Koti Upande wa Nyuma

Ujumbe uliingia Alhamisi saa nane mchana, wakati Kimya ameshika ubao mweupe wa kurudishia mwanga na baba yake anamwambia mteja ashushe kidevu. Simu ilitetemeka mfukoni mwa sketi. Kimya hakuthubutu kuigusa. Ubao ungeyumba, kivuli kingemwangukia mteja puani, na baba yake alikichukia kivuli cha puani kuliko alivyomchukia mwizi.

"Tazama hapa. Usicheke. Masikio yote mawili nayaona, vizuri. Usipumue... tayari. Pumua sasa mzee, usije ukaniangukia."

Mteja alipotoka ndipo Kimya akausoma. Akausoma tena. Kisha akafanya jambo ambalo msichana huyo, aliyebandikwa jina la Kimya akiwa darasa la pili na likamganda hadi chuoni, hakuwa na kawaida ya kulifanya: alitoka mbio. Alivuka ua mdogo uliotenganisha studio na nyumba, akapiga ndoo kumbo, akasimama mlangoni pa jikoni akihema.

"Mama, nimechaguliwa!"

Mama aliinua uso, mikono ikiwa imejaa povu la sabuni. "Na nani?"

"Na wapiga picha!"

"Wangapi?" alidakia Shangazi, dada wa baba, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni na hakosi kupita hapo mchana. "Mmoja tu angetosha, mwanangu."

Ilichukua muda kuwaelewesha. Kulikuwa na changamoto ya picha mtandaoni. Mwanamke mmoja anayejulikana kama Mwalimu wa Picha alikuwa amechagua watu thelathini kati ya mamia walioomba. Kila mmoja atapiga picha moja kila wiki kwa mwaka mzima, na mwisho picha zitatundikwa kwenye ukumbi wa maktaba kuu. Sharti lilikuwa moja gumu, na Kimya alilisoma kwa sauti: "Kila mtu achague mada yake mwenyewe, isiyo ya kuazima. Ukishaitaja huibadilishi. Jina la mada na picha ya kwanza vinifikie kabla ya Jumapili saa kumi na mbili jioni. Asiyeleta, nafasi yake itapewa mwingine."

"Mwaka mzima kitu kimoja?" Mama aliuliza. "Hata ndoa watu hupumzika."

"Piga viatu," alisema Shangazi. "Nina gunia zima sokoni, hutamaliza."

"Apige maua."

"Maua! Wifi, hapa kwetu ua liko wapi? Hilo la plastiki juu ya televisheni?"

Kimya alicheka, akajiziba mdomo kwa mkono, lakini macho yake yaliendelea kucheka. Jioni hiyo nyumba nzima haikuzungumza jambo jingine. Mama alimpa mikono yake aipige ikishona sare za shule. Picha ikatoka kama tangazo la sabuni. Shangazi alijipendekeza mwenyewe, wiki baada ya wiki, katika magauni tofauti. Baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Studio kana kwamba yeye na chumba chake ni kitu kimoja, alisikiliza yote akitafuna taratibu, kisha akasema, "Mada? Mada ni mtu. Anakaa, anatazama mbele, masikio mawili yanaonekana. Bila masikio mawili hiyo picha haina mwenyewe. Hayo mengine ni kupoteza betri."

"Hii si ya kitambulisho, baba."

"Kila picha ni ya kitambulisho," alijibu Studio, na hakuwa na nia ya kumuumiza.

Kimya alijifunika shuka akafungua kundi la changamoto. Wenzake walikwisha kutaja mada zao. Milango. Vivuli. Machweo. Mikono ya mama, watu watatu tayari. Moyo wake ulipiga kama wa mtu aliyesimama mwisho wa foleni akiona dirisha linataka kufungwa. Alijua jambo moja tu: tangu azaliwe, hakuwahi kuulizwa swali ambalo jibu lake ni lake peke yake. Hakutaka kujibu kwa mlango.

*

Studio ilikuwa na koti moja. Lilikuwa jeusi, la mtu mnene ambaye hakuna aliyemfahamu. Shangazi alilichomoa kwenye robota la mitumba. Pamoja na koti kulikuwa na kifua cha shati jeupe chenye tai, kisicho na mikono wala mgongo, cha kufunga shingoni kwa kamba kama aproni. Mtu aliingia na fulana yake ya kazini, akavalishwa kifua, akavalishwa koti, na kitambaa chote kilichozidi kikakusanywa mgongoni na kubanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kwa mbele alikuwa mkurugenzi. Nyuma hapakuwa na wa kupaona, isipokuwa Kimya, maana vibanio ilikuwa kazi yake.

Ijumaa asubuhi aliingia mlinzi wa ghala la saruji. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Alitaka picha ya kuambatanisha na maombi: walinzi wanatafutiwa msimamizi, na usaili ni Jumatatu.

"Nitoe kama msimamizi, Fundi," alimwambia Studio. "Si kama mtu wa getini."

"Ukitoka hapa hata mkeo atakupigia saluti."

Kimya alimbana vibanio sita. Alipomaliza alibaki palepale nyuma ya kigoda, kwa kuwa ubao siku hiyo ulikuwa umeegemezwa kwenye kiti. Studio akasema usipumue. Mlinzi akajaza kifua pumzi, akanyanyua mabega, na vibanio vyote sita vikainuka pamoja mgongoni kama ndege wanaotaka kuruka. Taa ikawaka. Ukingo wa koti ukang'aa. Mlinzi alikuwa amekaa hivyo, ameshikilia pumzi yake yote kwa ajili ya kazi hiyo, na chini ya koti visigino vya viatu vyake vilikuwa vimelika na kulala upande.

Kimya alirudi hatua moja nyuma. Alitoa simu. Akapiga.

Ilikuwa hiyo! Alikuwa ameishika kwa vidole miaka yote hiyo bila kuiona. Kila wiki mtu mmoja, koti lilelile, vibanio tofauti. Kwa haraka alikosea kuandika mara mbili. "Mada yangu: Koti Upande wa Nyuma." Akaambatanisha picha, akatuma kwenye ukurasa wa changamoto kabla mlinzi hajamaliza kuvua tai.

Kuomba ruhusa? Wazo hilo halikumpitia akilini. Amelelewa katika chumba ambamo picha isiyo na uso hutupwa kwenye kapu huku baba akisema haina mwenyewe. Mgongo si mtu. Hata Mama, alipoonyeshwa jioni, aliuliza, "Umemwambia lakini?" na Kimya akajibu, "Mbona haonekani, mama," na Mama akaitazama vizuri, akakubali kwamba kweli haonekani.

Sifa zilimiminika. Watu asiowajua waliandika, "Mwili umenisisimka," na "Mada hii ningeiiba." Mwalimu wa Picha mwenyewe aliandika neno moja tu: "Hapo!" Kimya alilisoma lile neno mara kumi na tano. Alicheka peke yake sebuleni, kwa sauti, mpaka Mama akaja kuchungulia.

*

Mlinzi alirudi Jumamosi kabla ya saa sita. Wateja wawili, wasichana wa chuo cha uuguzi, walikuwa benchini wakisubiri zamu, mmoja amekwisha kuvaa koti.

"Karibu sana," alisema Studio. "Picha ina kasoro?"

"Nimekuja kuuliza tu, Fundi. Ile picha niliyolipia, ni ya mbele au ya pande zote?"

Studio hakuelewa. Mlinzi alikunjua karatasi na kuilaza mezani. Ilikuwa picha ya Kimya, imechapishwa kwa rangi, na kona zake bado zina gundi.

"Karani wetu anafuatilia huo ukurasa wenu. Asubuhi nimeikuta imebandikwa getini. Malori yakiingia madereva wanapiga honi. Jina langu jipya ni Bosi Vibanio."

"Lakini uso wako..." Kimya alianza.

Mlinzi alishika mkanda wa suruali yake, akautikisa. Funguo zikalia. Zilikuwa kumi na nne, na katikati yake kizibo chekundu cha chupa. "Binti, ghala zima linanijua kwa hizi kabla sijafika. Ziko hapo pichani, chini ya koti. Hukuziona?"

Hakuziona. Aliona kila kitu isipokuwa hizo.

Studio alifungua droo, akatoa fedha za mlinzi, akamsogezea kwa mikono miwili. Mlinzi hakuzigusa. "Kaa nazo, Fundi. Mimi Jumatatu naingia kukaa mbele ya watu walioanza kuniona kwa nyuma. Hiyo utanirudishia na nini?"

Alitoka. Msichana aliyevaa koti alimtazama mwenzake, kisha Kimya. "Na mimi ningepigwa picha ya mgongo?" Hakungoja jibu. Alilivua koti kama linalowasha, akaliacha benchini, wakaondoka wote wawili.

Studio hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliliokota koti, akalikung'uta.

"Unajua watu wananilipa kwa ajili gani?" aliuliza. "Si kamera. Kamera siku hizi kila mtu anayo mfukoni. Wananilipa nisiuone mgongo wao. Naubana, halafu nausahau. Wewe umekwenda kuuanika."

Alilikunja koti, akalifungia kabatini, na ufunguo akautia mfuko wa shati.

*

Kimya aliifuta picha. Alimwandikia Mwalimu kwamba anajitoa, akaeleza sababu, hakujitetea hata kwa sentensi moja. Jibu lilikuja baada ya saa moja: "Umefanya vizuri kuiondoa. Nami nina kosa, sikukuuliza kama aliridhia. Nafasi yako ipo mpaka kesho saa kumi na mbili. Mada ile ni yako kweli. Lakini lazima mwenye mgongo akubali."

"Chagua milango," alisema Shangazi. "Mlango hauji kukulalamikia."

"Milango wameshaichukua."

"Basi madirisha. Nani atajua?"

Mama alikuwa akikata uzi kwa meno. Alisubiri Shangazi amalize. "Jana ulicheka mpaka nikadhani ni redio ya jirani," alimwambia binti yake. "Mimi mambo ya mada siyajui. Ila yule baba wa watu hajaombwa radhi na aliyemkosea. Ameombwa na mume wangu tu."

Jumapili asubuhi Kimya alikwenda getini kwa ghala la saruji. Njiani alikariri sentensi tatu. Alipomwona mlinzi amekaa kwenye kibanda chake, zote tatu zilipotea.

"Shikamoo."

"Marahaba." Mlinzi hakunyanyuka. "Umekuja kupiga upande upi?"

"Nisamehe," alisema Kimya. Macho yalimjaa machozi na alijichukia kwa hilo, lakini hakuondoka. "Nilifurahi sana, nikasahau kwamba kuna mtu ndani ya koti."

Lori lilipita, likapiga honi mara mbili, na dereva akachekea dirishani. Mlinzi akampungia mkono kama mfalme.

"Ungeniomba ningekataa," alisema.

"Najua."

"Sasa unaniomba ili iweje?"

"Sijaja kuomba picha. Nimekuja kuomba radhi tu."

"Na hayo mashindano yenu?"

"Si mashindano. Mwisho ni leo jioni."

"Na wewe muda wako unakuja kuumalizia kwangu." Mlinzi alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulilegea. "Kaa kwenye hilo tofali. Nikwambie kitu. Haviumi, vile vibanio. Lakini unavihisi. Kimoja kimoja. Baba yako ananiambia nimependeza, na mimi nahesabu: cha nne, cha tano. Yeye amewahi kukaa kwenye kile kigoda?"

Kimya alifikiri. Katika studio ile, mtu pekee asiyewahi kukaa mbele ya kamera alikuwa mwenye kamera.

"Basi mwambie akae. Avae, ageuke, apigwe. Siku nitakapouona mgongo wake na vibanio vyake, wangu utakuwa na mwenzake. Hapo uurudishe kwenye ukurasa wenu, na chini uandike nimekubali."

Kimya alikwisha kusimama. "Kweli?"

"Binti, nimekaa geti hili miaka kumi na moja. Nikisema gari lipite, linapita."

*

Alirudi nyumbani nusu anatembea nusu anakimbia. Baba hakuwepo, alikuwa amekwenda kuwapiga picha wanakwaya na hakurudi hadi saa kumi na moja jioni. Muda wote huo Kimya alizunguka uani, akitazama saa, huku Shangazi na Mama wakimtazama yeye kama wanaotazama penalti.

Studio aliingia, akatua begi. Kimya alimfuata hadi mezani, Mama na Shangazi nyuma yake.

"Baba, naomba uvae koti."

"Nini?"

"Uvae koti, ukae, ugeuke. Nikupige mimi."

Lilikuwa ombi refu kuliko yote aliyowahi kumtolea baba yake ndani ya chumba kile. Studio alimtazama mkewe, kana kwamba yeye ndiye aliyesema.

"Mimi nigeuzwe ukutani kama mtoto mtundu? Baada ya yale ya jana?"

"Nimetoka kwa mlinzi. Amesema ukikaa wewe, mgongo wake naruhusiwa kuurudisha. Amesema vibanio anavihisi. Kimoja kimoja. Huwa anavihesabu."

Studio alikuwa akifuta lenzi. Kitambaa kilisimama.

"Anavihesabu?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilidhani hawavihisi," alisema polepole. "Miaka yote hii. Nilidhani wakishajiona kwenye kioo wanasahau."

Alitoa ufunguo mfukoni mwa shati, akafungua kabati.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Mama alichukua kopo la vibanio. Shangazi alipewa ubao, akaushika kichwa chini miguu juu, akakemewa. Studio alifungwa kifua cheupe, akavaa koti, akaketi kwenye kigoda akiwatazama wote kwa uso wa mtu aliyepelekwa kung'olewa jino. Kimya alitoa simu yake.

"Wacha hiyo," alisema Studio. "Chukua ya kazi."

Kamera ya kazi! Kimya hakuwahi kupewa kuishika ila kwa kuihamisha kutoka meza hadi meza. Aliipokea, akapitisha mkanda shingoni.

Mama alibana. Kimoja, viwili, vitatu. Akaendelea. Kibanio cha nane kilipokaa ndipo koti lilipotulia, na Mama akarudi hatua moja, mkono kiunoni.

"Baba huyu! Hivi nimekuwa nikimpikia nani?"

"Ni mashati mapana," alinung'unika Studio. "Yanaficha."

"Geuka, baba," alisema Kimya. "Tazama kitambaa cha ukutani. Bega la kushoto shusha. Shangazi, ubao karibu. Karibu zaidi. Hapo!"

Shangazi na Mama walitazamana. Sauti ile hawakuwa wameisikia bado katika nyumba yao.

"Nitazame wapi hasa?" Studio aliuliza. "Hapa hakuna macho ya kutazama."

"Popote. Usipumue."

Studio alijaza kifua. Kisha ghafla akapaza sauti, "Mbona kitambaa hiki kina doa? Tena kubwa! Mbona hamkuniambia?" akaanza kugeuka.

"Usigeuke!" Kimya alipiga ukelele.

Studio akarudi mbele haraka kama askari. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, kidogo, halafu zaidi. Alikuwa akicheka, yeye aliyewakataza watu kucheka tangu binti yake hajazaliwa, akicheka mbele ya doa lake, na kibanio cha juu kabisa kikaachia, kikaruka hewani. Kimya akabonyeza.

Zilibaki dakika kumi na moja. Kuhamisha picha kwenda kwenye simu kulikula tano. Mtandao ukazunguka, ukazunguka, Shangazi akiuinulia simu dirishani kwa mkono wake mrefu na kuutukana kwa majina ya mabibi zake. Saa kumi na mbili kasoro dakika tatu, picha ilipita. "Imepokelewa," aliandika Mwalimu. "Uko ndani."

Kimya aliketi sakafuni, akicheka na kulia kwa pamoja. Mama alimkumbatia hapohapo chini, na kopo la vibanio likamwagika. Kisha Kimya akamtumia mlinzi ile picha kwa simu. Jibu lilirudi kwa sauti, na wote wakaisikiliza wameinama juu ya simu: "Vinane! Mwambie Fundi ale. Wangu rudisha sasa hivi. Na kesho kwenye usaili wakiuliza, nitawaambia ndiyo, ni mimi, sita tu."

*

Jumatatu saa mbili asubuhi mteja wa kwanza alikuwa mpishi wa hospitali, mama mmoja mwenye macho ya usingizi aliyehitaji picha ya kadi ya kazi. Kimya alishika koti. Studio hakuanza kuwasha taa kama kawaida yake. Alikohoa.

"Dada, kabla hujavaa, binti yangu ana ombi. Ukikataa, picha yako ni ileile na bei ni ileile."

Wote wawili walimgeukia Kimya. Uso ulimwaka moto hadi masikioni. Jana alikuwa na kamera shingoni na saa ikimfukuza. Leo palikuwa na mtu asiyemjua tu, na wiki hamsini na moja mbele.

"Naomba..." alisema. Akaanza upya, kwa sauti ya kusikika. "Naomba nikupige na mgongo. Nitakueleza ni ya nini, na inakwenda wapi. Ukisema hapana, basi."

Akaeleza. Hakuruka kitu, hata yaliyompata mlinzi. Mpishi alimsikiliza, akalitazama koti, akatazama vibanio mkononi mwa Kimya. Akapiga miayo mirefu. Kisha akasogea kwenye kigoda, akakizungusha mwenyewe, akakaa akiutazama ukuta.

"Anza na huko basi," alisema. "Uso wangu hauamki kabla ya saa nne."